Mukono mbele, jina kisha: namna gani tunafundisha watoto wadogo maumbo

Ingia siku moja mu kalasi yoyote ya maternele hapa kwetu Lubumbashi, mu muji ao mu komini za pembeni, saa tatu za asubui. Ku ukuta utakuta karatasi kubwa ya rangi. Juu yake kuna vitu vine: rondi moja nyekundu, kare moja ya bulu, triyangili moja ya manjano, na rektangili moja ya kijani. Madame anakamata fimbo, anagonga cha kwanza, na watoto makumi ine wanapaza sauti pamoja: "Rondi!" Anagonga cha pili: "Kare!" Cha tatu, cha ine. Kisha wanarudilia toka mwanzo. Muzazi anayepita mu kiwanja anasikia, moyo wake unafurahi: mutoto wa miaka ine anajua Kifaransa, tena anajua hesabu. Franka zake hazikupotea.

Sisi tunaoandika mu kitabu hiki juu ya desturi zetu tunasema wazi, bila kuficha: lile si somo la maumbo. Ni wimbo. Mutoto amejifunza kutoa maneno mane wakati fimbo inagonga mahali pane. Kasuku naye anaweza.

Munataka ushahidi? Kamateni kipande cha katoni, mukate triyangili ndefu na nyembamba, muiweke na ncha yake chini. Tulifanya vile mu kalasi ambazo bamadame wake walitukubalia. Wale watoto waliokuwa wanapaza sauti walinyamaza. Mumoja akasema: "Ni kisu." Mwingine: "Ni karoti." Tukakamata kare, tukaisimamisha juu ya kona yake. Hakuna aliyesema kare. "Ni ile ya kurusha mu upepo," akasema mutoto mumoja, na wengine wakakubali. Kwetu sisi yale yalikuwa majibu mazuri sana, maana kwa mara ya kwanza asubui ile watoto walikuwa wanaangalia. Lakini mu kaye ya mwalimu yale yote ni makosa.

Kosa haliko kwa mutoto. Karatasi ya ukuta inamuonyesha triyangili moja tu, ya pande sawasawa, imekaa vizuri chini sawa mutu aliyekaa ku kiti. Mu 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na bibi yake Dina van Hiele-Geldof, waliandika juu ya namna akili ya mutoto inavyopanda ngazi mu mambo ya maumbo. Ku ngazi ya kwanza, walisema, mutoto anatambua umbo kwa sura yake yote, sawa vile anatambua uso wa nkambo yake. Haesabu pande, hapimi kona. Sasa kama umemuonyesha uso mumoja tu, atajua uso mumoja tu. Muonyeshe triyangili makumi mbili, nene, nyembamba, za kulala, za kupinduka, na pembeni yake muonyeshe vitu vinavyofanana na triyangili lakini si triyangili, akili yake itaanza yenyewe kutafuta: kitu gani hawa wote wako nacho? Makona matatu. Hapo umemufundisha. Mbele ya hapo umemuimbisha.

Wengine watasema: "Mambo madogo haya, mutoto atayajua akikomaa." Tungenyamaza kama yangekuwa madogo. Lakini kuna mashule ya muji huu ambayo, mbele ya kupokea mutoto mu mwaka wa kwanza, yanamupima. Anaitwa mu biro, anaonyeshwa ile karatasi, anaulizwa: hii ni nini? Mutoto aliyekulia mu nyumba ya Kiswahili, mwenye haya, aliye mbele ya mutu mukubwa asiyemujua, ananyamaza. Wanaandika kama hajakomaa. Muzazi anaambiwa amurudishe maternele mwaka mwingine. Ule mwaka unalipwa, maana shule la bure lililoanza mu 2019 ni la masomo ya msingi; maternele ingali ku mufuko wa muzazi. Na mutoto anarudi nyumbani na jina: "huyu ni muzito." Jina lile linakaa. Tumeona watu wakubwa wanaolibeba bado.

Na yule mutoto aliyeitwa muzito, tumufuate nyumbani. Asubui mama yake anakamata kitambala cha kichwa. Ni kare. Anakikunja kona juu ya kona, kimekuwa triyangili, anakifunga. Mutoto ameona ile kazi kila siku toka alipofungua macho. Yeye mwenyewe, akiwa muchanga, nguo aliyofungwa matakoni ilikunjwa vile vile. Alivaa triyangili mbele ya kujua kutembea! Mumuulize kama ile nguo ikikunjuliwa itakuwa na makona mangapi, atakuonyesha kwa vidole. Somo la kare ya kupasuka mu triyangili mbili sawasawa, ambalo mu vitabu linakuja miaka kisha, liko ku kichwa cha mama.

Saa sita ni bukari. Mutoto anamega, anaviringisha mu kiganja mpaka tonge linakuwa duara kila upande, kisha anatia kidole gumba katikati, linakuwa kama kibakuli, anachotea sombe. Amefanya mpira, amefanya nusu-mpira yenye shimo. Kinu ni bomba, mwichi ni bomba nyembamba. Inje kaka yake anasukuma janti ya kinga na fimbo, wanajua wote kama janti iliyopindika haiviringiki vizuri, na wanajua sababu gani: "haiko tena duara." Wasichana wamechora vyumba chini, wanaruka na muguu mumoja, chumba kikikuwa kikubwa kuliko kingine wanagombana mpaka kinafutwa na kuchorwa upya. Nani aliwafundisha usawa wa pande? Matofali yamepangwa karibu na tanuru, moja sawa na ingine, na kila mutoto wa pembeni ya muji anajua namna ya kuyapanga ili ukuta usianguke. Ukiinua macho mu Lubumbashi unaona terili ya Gécamines, ile lundo kubwa la taka ya shaba, na chimine pembeni yake. Lundo ni koni, chimine ni bomba. Hata kama wamechota ile terili miaka mingi, ingali pale, na mutoto anaiona toka upande wowote.

Sasa mutoto mwenye hivi vyote mu mikono na mu macho anaingia mu kalasi, na kalasi inafanya kama vile amekuja kichwa tupu. Hakuna mutu anayemuuliza kitambala. Hakuna anayemuuliza tonge. Anaonyeshwa karatasi.

Karatasi ile, tena, tusidanganyane, haikutoka hata kwa wale Wazungu walioanzisha hii aina ya shule. Friedrich Fröbel, Mujeremani aliyefungua shule ya watoto wadogo mu 1837, hakuanza na picha. Alianza na mipira ya nyuzi za sufu yenye rangi, kisha akaweka mu mikono ya mutoto mpira wa muti, bomba la muti na boksi la muti la pande sita sawa. Mutoto aviringishe, aone kipi kinakimbia, kipi kinakataa. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mu Roma mu 1907, aliwapa maumbo ya muti ya kutosha na kurudisha mu shimo lake, na mutoto alipitisha kidole ku ukingo wote kabla ya kuambiwa jina. Mukono mbele, jina kisha. Vile ndivyo walivyofanya kwao. Kwetu ilifika karatasi, maana karatasi ni bei rahisi na inaonekana vizuri siku mukaguzi anapita. Halafu tunaita hii "mambo ya kisasa" na tunaita mukeka wa nkambo "mambo ya zamani". Tukipima vizuri, nkambo ndiye aliye karibu na Fröbel.

Angalieni mwanamuke mufinyanzi. Anakamata udongo, anauviringisha kati ya viganja mpaka unakuwa kamba. Kamba anaipinda, anaunganisha kichwa na mukia: duara. Anaweka duara juu ya duara, kila moja ikipanuka kidogo ao ikipunguka kidogo, na chungu kinapanda. Mutoto wa kike wa miaka ine ao mitano alikaa pembeni na kipande chake cha udongo, akifanya nyoka, akifunga nyoka, akifanya kachungu ka mikono yake. Kakivunjika anafanya kengine. Hakuna aliyemuambia "duara ni nini?" Lakini siku alipofunga kamba vibaya aliona mwenyewe chungu kinaegama. Kosa lilikuwa mbele ya macho yake, na yeye ndiye aliyelitengeneza. Tunaomba mutuonyeshe karatasi ya ukuta inayofanya vile.

Mukeka ni shule ingine. Juu mumoja, chini mumoja. Juu mbili, chini mbili. Badilisha hesabu na picha inabadilika: mistari, ngazi, losanji. Vidole vinahesabu mbele ya kinywa. Ndugu zetu Wakuba wa Kasayi walipeleka ile akili mbali kuliko wote na nguo zao za rafia. Mu 1971 Donald Crowe, mwalimu wa hesabu wa Marekani, aliandika juu ya sanaa yao. Hesabu inasema kuna namna 7 tu za kurudilia picha ku ukanda, na namna 17 za kuirudilia ku uso mzima. Ku vitu vya Wakuba alikuta zile 7 zote, na 12 kati ya zile 17. Wanawake na wanaume walioshona na kuchonga vile hawakupita mu kalasi ya jometri. Na watoto wao je? Emil Torday, Muhungaria aliyefika kwao mwanzo wa karne ya 20, aliwakuta wadogo wanachora mu muchanga. Walimuomba afuate muchoro fulani bila kuinua kidole na bila kupita mara mbili mu njia moja. Ilimushinda, na watoto wakafurahi sana. Tunapenda ile habari, maana ndani yake mupimaji ndiye aliyepimwa.

Upande wa Dilolo na Sandoa, kwa Wachokwe na majirani zao, kuna sona. Mutu anasawazisha muchanga, anatia alama za vidole, nukta mu mistari sawasawa, kisha kidole kimoja kinapita kati ya nukta, kinazunguka, kinarudi, wakati mdomo unasimulia hadithi. Muzuri ni ule unaomalizika kwa mustari mumoja, bila kuinua kidole. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu aliyefanya kazi yake Musumbiji, alichunguza michoro hii kwa miaka mingi. Kwa ile aina inayofanana na kusuka mukeka, inayozunguka nukta zote, kuna sheria: hesabu ya mistari unayohitaji ni namba kubwa kuliko zote inayogawa safu za nukta za pande zote mbili. Safu 2 za nukta 3, mustari mumoja unatosha. Safu 3 za nukta 3, unahitaji mistari mitatu. Safu 4 za nukta 6, miwili. Jaribuni leo magaribi mu muchanga wa lupango lenu, mutaona.

Hapa lazima tuseme kitu kitakachochukiza wenzetu. Kuna ndugu mu mambo ya utamaduni wanaotaka lusona liingizwe moja kwa moja mu maternele, kama dawa ya kila kitu. Sisi tunakataa. Lusona lilifundishwa vijana mu mukanda, walipokuwa wamekomaa kidogo, na michoro ya nguvu ilikuwa ya wataalamu waliojifunza muda murefu. Kumupa mutoto wa miaka mitatu ni kumutesa, na ni kuharibu lusona pia. Vile vile lukasa ya Waluba: ile ubao yenye shanga, iliyoshikwa mu mukono wa kushoto na kusomwa kwa kidole cha mukono wa kuume, ilikuwa ya watu wa mbudye, watunzaji wa habari za ufalme. Haikuwa ya kuchezea. Tuchukue kwao ile namna ya kidole kusoma mbele ya mdomo. Na nukta za muchanga zinatosha: nukta tatu, unganisha, nukta ine, unganisha, sasa sogeza nukta moja, unaona nini? Mutoto wa miaka mitano anaweza, na hakuna hata franka moja inayotoka.

Na kuna wengine tena, wale wa hotuba. Kila mukutano wa utamaduni mutu mumoja lazima asimame ataje mufupa wa Ishango. Tunajua, ndugu. Jean de Heinzelin aliuchimbua mu 1950, pale Semliki inapotoka mu ziwa Edward. Una mikato iliyopangwa, una miaka karibu elfu 20, na uko Bruxelles. Ni kitu cha kujivunia. Lakini tunauliza: ule mufupa umesaidia mutoto gani wa komini ya Kenya ao ya Katuba? Mutu anapiga kifua juu ya wazee wa miaka elfu 20, kisha anarudi nyumbani kumukemea mutoto wake sababu amechezea udongo na kuchafua nguo. Anasifu mikeka mu hotuba na anatandika plastiki. Muzee anayejua kusuka anaishi njia ya tatu kutoka kwake. Hajamuita hata siku moja afundishe watoto, wala hajamununulia kitu. Akikufa yule muzee tutaandika makala ingine ya kulia.

Sasa wazazi. Tunajua wanachotuambia, wamekwisha kutuambia: "Munataka batoto betu babakie mu mukini? Sisi tunalipa juu bajue Kisungu." Hatuchukii Kifaransa, wengi wetu tunakula kwa Kifaransa. Tunachosema ni hiki: jina halifundishi kitu. Mutoto anayejua kare kwa mukono, aliyeikunja, aliyeikata, aliyeipanga, umuambie jina lake mu Kifaransa atalikamata siku moja tu, maana ana mahali pa kuliweka. Lakini mutoto mwenye jina bila kitu, hata ukimuongezea majina kumi, ni mifuko kumi mitupu. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya luga ine za taifa. Sheria ya masomo, ile n° 14/004 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014, inasema luga za taifa ao za mahali zitumiwe mu kufundisha. Ku karatasi tunayo haki. Mu kalasi ya miaka mitatu tunamukemea mutoto aliyesema "mama, angalia".

Juu ya luga kuna ugomvi mwingine, nao ni wa wasomi. Tukikubali Kiswahili, Kiswahili gani? Vitabu vinasema duara, mraba, mstatili, pembetatu. Ni maneno mazuri, na sisi wa kitabu hiki tunayatumia. Lakini mraba haujulikani mu lupango letu kuliko kare. Mutoto wa Katuba ukimuambia "mraba" ni sawa umemuambia Kijeremani. Mu lupango tunasema: ya kuviringana, ya makona matatu, ya makona mane, ya kulefuka. Wengine wanacheka, wanasema si maneno ya shule. Sisi tunaona ni maneno mazuri kupita yote kwa kuanza, maana yanasema kitu chenyewe. "Ya makona matatu" inamuambia mutoto mahali pa kuangalia. "Triyangili" haimuambii kitu. Hata hivi, tuangalie neno lenyewe la Kifaransa: nalo ni "kona tatu" tu, kwa Kilatini. Basi tuanze na ya makona matatu, na pembetatu na triyangili zifuate, zote mbili, mu mwaka wa tatu wa maternele, wakati mutoto ana kitu cha kufunga majina juu yake.

Na bamadame? Tusiwatupie muzigo. Mutu mumoja na watoto makumi ine, saa ingine makumi sita, na mushahara wa kuchelewa; fimbo na karatasi ndiyo njia ya kutokuwa wazimu mbele ya saa sita. Hatuwaombi vifaa. Tunawaombea mwenye shule awaruhusu uchafu kidogo. Udongo wa kichuguu ni bure, muchanga ni bure, katoni za sabuni zinatupwa kila siku ku soko. Kitambala mama ataazimisha. Mara moja kwa mwezi, wamuite nkambo anayejua kusuka, wamulipe kitu kidogo, si asante tu. Wamuite pia masoni wa kartiye: aonyeshe watoto namna anavyochora duara na kamba na musumari, na namna anavyojua kama nyumba ina kona sawa, kwa kuvuta kamba toka kona mpaka kona ya kuvuka, mara mbili, na kulinganisha. Gerdes aliwakuta wajenzi wa Musumbiji wanaoanza na zile kamba mbili zenyewe: sawasawa kwa urefu, zimefungwa pamoja katikati. Wanazivuta, wanapiga vijiti ku ncha ine, na pale pana rektangili. Kila mara. Watoto ine wakikamata zile ncha ine mu kiwanja, wakavuta, wakasogea karibu na karibu, wataona rektangili inanenepa na kukonda, na mara moja, kama wamesimama vizuri, itakuwa kare. Somo la dakika kumi. Na watataka kurudilia, lakini si kama wimbo.

Kuna musomaji atakayeuliza kama tunataka watu wapasue zile karatasi za ukuta, maana zilinunuliwa. Hapana. Tunaomba wakamate makasi. Wabandike karatasi juu ya katoni ngumu, kisha wakate kila umbo polepole, litoke zima. Rondi, kare, triyangili na rektangili ziwekwe mu mikono ya watoto, wazigeuze, wazipindue, waziviringishe ku meza. Ku katoni yatabaki mashimo mane. Waambiwe warudishe kila moja mahali pake, macho wazi kwanza, kisha macho yamefungwa. Rondi itaingia upesi, namna yoyote. Kare itakataa mpaka kona zake zisikilizane na shimo. Triyangili itawachelewesha, na ndiyo ile saa Madame anaweza kuweka fimbo chini na kunyamaza.